Irabu Mvivu

Haya, kaa vizuri nikutegee, na usikimbilie kujibu. Nyumbani kwangu nina watumishi watano. Kila mmoja ana sauti yake moja tu, na kila mmoja, awe wa kwanza kwenye foleni au wa mwisho, hulipwa sawa na wenzake. Jirani yangu naye anao watano, kwa sura ni wale wale. Lakini wake wanabadilisha sauti kila wanapobadilisha kiti, na kuna sauti moja haina hata mwenyewe, wote watano wanaazimana. Ni akina nani hao?

Umeshindwa? Usihangaike kunipa mji, sina pa kuuweka. Ni irabu. A, e, i, o, u. Wangu ni wa Kiswahili, wa jirani ni wa Kiingereza. Na hiyo sauti ya kuazimana ndiyo iliyomsumbua mwanamke ninayetaka kukuhadithia habari zake, mpaka watu wa nyumbani kwake wakadhani anaumwa.

Walimwita Cherehani. Usidhani alikuwa fundi nguo. Kifungo akikishona yeye asubuhi, jioni kiko sakafuni. Jina alilipata utotoni kwa sababu akikaa tu kwenye kiti mguu wa kulia unaanza, tiki tiki tiki, kama anakanyaga cherehani. Mama yake alijaribu kuukalia, mwalimu alijaribu kuuchapa, mguu haukusikia la mtu. Akakua nao, akaolewa nao.

Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wasafiri wa ndege. Chumba kirefu ghorofani, mapazia yamefungwa mchana kutwa ili jua lisipige kwenye skrini, watu wamekaa safu kwa safu na visikilizio kichwani. Yeye alikuwa meza ya Kiswahili. Wanapiga: ndege yangu inaondoka saa ngapi, begi langu limekwenda wapi, je, naruhusiwa kuingia na keki ya harusi mkononi? Cherehani aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kukiri. Kwenye simu hakuna anayeuona mguu. Kwenye simu watu walimwambia, "Asante dada, una sauti ya kutuliza," naye chini ya meza anakanyaga kama ana nguo za sikukuu za kumaliza.

Basi siku moja msimamizi akasimama katikati ya chumba akatangaza. Meza ya Kiswahili kitupu inafungwa. Kuanzia sasa kila mpokea simu ajibu kwa lugha zote mbili, na Kiingereza chake kieleweke hata na msafiri aliyeamka sasa hivi upande wa pili wa dunia. Kutakuwa na mafunzo, kisha mtihani. Atakayefaulu atabaki. Asiyefaulu, asante sana na kwaheri.

Huo ulikuwa mtihani mmoja. Wa pili ulimngoja nyumbani.

Mume wake alikuwa fundi wa pampu za maji. Wiki ile ile akaletewa uhamisho: mji mdogo wa mbali, pampu mpya, nyumba ya kukaa ipo. Mtu mpole, hana makelele, hata nati ikimkatikia mkononi anaiomba radhi. Asubuhi ya kuondoka akasimama mlangoni na sanduku lake la spana, gari la kazini linangoja nje, akamwuliza mkewe:

"Cherehani, unanifuata, au hunifuati?"

"Tungoje mtihani," mke akasema haraka. "Nikifeli, nakuja. Nikifaulu, ndiyo tutaona."

"Mtihani sijauuliza kitu. Nimekuuliza wewe."

Dereva akapiga honi. Mume akaondoka, swali likabaki pale mlangoni, na kila Cherehani alipotoka au kuingia ilibidi alipishe.

Ujue walishawahi kuhama pamoja, mwaka wa kwanza wa ndoa. Kule hakuwa na kazi. Asubuhi anafagia, kabla ya saa sita nyumba imekwisha, hakuna cha kufagia tena. Akaanza kusogeza vitu. Leo kabati ukuta huu, kesho ukuta ule. Mume akirudi jioni anajigonga magoti. "Mke wangu," alimwambia wakati mmoja huku anasugua ugoko, "hii nyumba inahama kila siku, na mimi siambiwi." Wakacheka wote. Lakini Cherehani akicheka alikuwa anajiona kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni la maji. Jambo hilo hakulisema, maana mume alikuwa mwema, na kumlalamikia mtu mwema ni kazi ngumu.

Mafunzo yakaanza. Mwalimu alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, nao wanafunzi hawakuchelewa kumpa jina: Bi Kidevu. Kwa nini? Kwa sababu siku ya kwanza kabla hata ya salamu kuisha alisema, "Kila mtu ashike kidevu chake." Wakashika. Chumba kizima watu wazima wameshika videvu kama wana misiba.

"Semeni a."

"Aaa!"

"Taya limeshuka. Semeni i."

"Iii!"

"Limepanda. Vizuri. Hizo ni ngazi mnazozijua, za Kiswahili, na hatua zake ni pana, hata mlevi hajikwai. Kiingereza kimeongeza vidato katikati. Mtajikwaa."

Wakajikwaa, wacha. Akawaandikia ubaoni maneno manne: hat, hut, heart, hurt. La kwanza ni kofia. La pili ni kibanda. La tatu ni moyo. La nne ni kuumia. Akamwinua kijana mmoja wa meza ya mizigo, mchekeshaji, waliyemwita Kasuku kwa sababu hakuna sauti ya mtu asiyoiweza. Kasuku akasoma: "Hati, hati, hati, hati."

"Umeniambia nini?" Bi Kidevu akauliza.

"Nimekuambia kofia, kibanda, moyo na kuumia, mwalimu. Yote yamo. Yachague mwenyewe."

Wakacheka mpaka msimamizi akachungulia. Bi Kidevu naye akacheka, akafuta miwani, kisha akawatandikia kazi. La kofia, midomo ivutwe pembeni, taya lishuke. La kibanda, fupi, kama umeguswa tumboni. La moyo, refu, mdomo wazi, daktari anatazama koo. La kuumia, midomo iwe nusu wazi, ulimi usiguse kitu, uvute. "Na mwisho wa neno, jamani, ile i mnayoibandika, iacheni. Neno likishalala mlango unafungwa, msimwingize mgeni mwingine."

Cherehani alikuwa mwanafunzi mzuri, nisimsingizie. Kusikia alisikia. Bi Kidevu akigeuka ukutani akasema neno, yeye ndiye wa kwanza kujua ni kofia au kibanda. Kwa kusema pia akapanda: ship ya meli na sheep ya kondoo akazitenganisha, pull ya kuvuta na pool ya dimbwi akazitenganisha. Mpaka ikafika siku ya irabu mvivu.

Bi Kidevu akachora ndizi ubaoni na kuandika jina lake, banana. "Mnaona a ngapi?"

"Tatu!"

"Nani yuko macho hapa? Ni wa katikati tu. Hawa wa pembeni wamelala. Kiswahili ni lugha ya heshima, kila irabu ikifika inapewa kiti na chai. Kiingereza kinampa kiti mmoja, wengine wanaegemea ukuta. Sasa huyu wa kuegemea ukuta ndiye atakayewafelisha, maana yuko kila mahali. Kumtamka ni hivi: legeza taya, legeza midomo, legeza ulimi, usifanye kitu chochote. Sauti ijitokeze yenyewe, kama mtu anayeitikia akiwa amechoka."

Wakalegeza. Kasuku akaiweza mara moja. Alisema amekuwa akiifanyia mazoezi tangu azaliwe. Wengine wakaiweza kidogo kidogo. Cherehani akaikaza shingo, akajipanga, akavuta pumzi, akasema: "BA-NA-NA."

"Usifanye kitu, mwanangu."

"BA-NA-NA."

"Umefanya kitu. Umefanya vitu vitatu."

"Najitahidi, mwalimu!"

"Hilo ndilo kosa."

Jasho likamtoka. "Jamani," Kasuku akasema, "huyu dada hata uvivu anautolea jasho!"

Siku zile hata akiwa peke yake bafuni alikuwa anaitafuta hiyo sauti. Anapika anaitafuta, anafua anaitafuta. Anafungua dirisha, analifunga, analifungua. Akikaa anasimama, akisimama haoni sababu ya kusimama. Simu ya mume ilikuja jioni kwa jioni: mama hajambo, umeme upo, mvua imenyesha huko? Lile swali la mlangoni hakulirudia hata kidogo, na Cherehani angeshukuru kama angelirudia, angalau wangegombana.

Nyumbani hapo alikaa na mama mkwe wake, mjane mwenye macho makali na mdomo wa utani, aliyegoma kuhama mji kumfuata mwanawe kwa sababu, alisema, ameshahama vya kutosha kwa ajili ya wanaume wawili, baba na mtoto. Jioni moja mama huyo alikuwa kwenye mkeka sebuleni, sinia la mchele mapajani, anachagua mawe. Akainua kichwa akamwona mkwewe mbele ya kioo cha kabati, mdomo umelegea, macho yamezubaa, anatoa mguno. Akaweka sinia chini, akaenda jikoni, akarudi na punje ya karafuu.

"Weka hapo penye jino."

"Si jino, mama. Ni irabu."

"Za Kiingereza zinauma?"

"Moja ndiyo inauma."

Mama mkwe akaitafuna karafuu yeye mwenyewe, isipotee bure, akarudi kwenye sinia. Cherehani akakaa ukingoni mwa kochi. Mguu ukaanza.

"Nikutegee?" mama akasema bila kumtazama. "Nimekiweka mfukoni. Sikiongezi, sikipunguzi. Lakini kila siku nikiamka kimezidi uzito."

"Mama, leo sina kichwa cha vitendawili."

"Huna kichwa, lakini mfuko unao."

Cherehani akasema polepole, "Jibu ambalo hujampa mtu."

"Ehe! Kumbe kichwa kipo."

"Mama, na wewe usinibane. Nimeshamwambia, mtihani ukipita..."

"Hebu ngoja." Mama akatoa kijiwe, akakitupa dirishani. "Huo mtihani ndio ulioolewa na mwanangu? Siku ya harusi nilikuwepo, sikuuona. Nilikuona wewe."

"Unataka niende?"

"Mimi sikuuliza swali. Aliyeuliza yuko kwenye pampu. Ukienda nitalia, usipokwenda nitalia, mimi machozi yangu yako tayari, usiyapigie hesabu. Ila usije ukamwambia mwanangu eti karatasi ndiyo imeamua. Atakuamini, halafu mtaishi watatu kwenye nyumba: yeye, wewe na karatasi."

Cherehani akainuka, akafungua dirisha. Akalifunga.

"Na ukimaliza kuchosha hilo dirisha," mama akasema, "njoo unisaidie mchele. Macho yangu hayaoni mawe meupe."

Siku ya mtihani ikafika. Watu wamepangwa kwenye korido, wengine wanaomba, wengine wanalegeza mataya, Kasuku anamwiga Bi Kidevu mpaka Bi Kidevu mwenyewe akatokea nyuma yake. Cherehani hakuweza kukaa. Alitembea korido ile hadi kwenye ndoo ya mlinzi na kurudi, hadi kwenye ndoo na kurudi, mpaka mlinzi akaisogeza ndoo akidhani anataka njia.

Sehemu ya kwanza ilikuwa kusikiliza. Unavaa visikilizio, sauti inakutajia maneno mawili. Kama ni neno moja limerudiwa, bonyeza kitufe cha kijani. Kama ni maneno mawili tofauti, bonyeza chekundu. Hakuna kurudia.

Kofia, kofia. Kijani. Meli, kondoo. Chekundu. Kibanda, kofia. Chekundu. Alikuwa anateleza kama sabuni. Masikio yake yalikuwa yameshafunguka, vile vidato vya katikati sasa alivisikia kila kimoja mahali pake, na kwa mara ya kwanza tangu mume aondoke akajisikia yuko mahali anapopajua.

Halafu ikaja: moyo, kuumia.

Jepesi. Chekundu. Hata usingizini angelijua. Lakini akautazama mkono wake, na mkono ulikuwa umesimama juu ya kitufe cha kijani.

Haukukosea njia, ulikwenda wenyewe. Ukibonyeza kijani hapa, na kijani pale, na pale tena, utafeli, na hakuna atakayejua. Jioni utampigia mumeo, utasema nimefeli, nakuja. Atafurahi na kukuonea huruma kwa pamoja. Utafunga mizigo, utasogeza makabati, na siku ukichoka utasema, lakini si mtihani ulinileta huku? Yote hayo Cherehani aliyaona pale pale, yamejipanga kwenye ule mkono mmoja, na moyo ukamdunda kama mtu aliyemkuta mwizi sebuleni kwake, akamwangalia vizuri, akakuta ni ndugu yake.

Maana alielewa na upande wa pili pia. Angefaulu, angesema vile vile: nimefaulu, kampuni imenishika, ningefanyaje? Kijani au chekundu, alikuwa amejitafutia mtu wa kumsemea.

Sauti kwenye visikilizio ikakohoa kidogo, tayari kuendelea.

Akabonyeza chekundu. Na yaliyofuata yote akayabonyeza kama alivyoyasikia, bila kuyapendelea.

Sehemu ya pili ilikuwa kusoma kwa sauti mbele ya Bi Kidevu na mgeni mmoja wa kampuni mwenye tai: tangazo la ndege iliyochelewa. Nisikudanganye kwamba irabu mvivu ilimjia kama maji ya bomba. Kwenye maneno mengine ilitoka imelegea vizuri, mpaka Bi Kidevu akanyanyua nyusi. Kwenye mengine aliikaza akaipa kiti na chai kama kwao. Mahali pamoja alibandika i mwisho wa neno, akaisikia mwenyewe, akaendelea. Mwenye tai akaandika. Bi Kidevu akasema, "Asante, mwanangu. Majibu ni saa kumi. Kapumzike."

"Nimefanyaje, mwalimu?"

"Saa kumi."

Wenzake walikuwa wamekusanyika kantini, wanaulizana nani alisikia nini. "Cherehani, njoo!" Kasuku akaita. "Ile ya mwisho uliweka rangi gani?" Hakwenda. Akashuka ngazi za nyuma, zile za mafundi na wabeba takataka, akakaa kwenye kidato cha chini penye kivuli, akatoa simu. Ilikuwa bado mchana kweupe, saa ambayo mume hakuzoea kupigiwa.

Alipopokea, nyuma yake pampu ilikuwa inanguruma.

"Vipi? Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Umefaulu?"

"Majibu bado. Saa kumi."

"Sasa mbona unapiga saa hizi? Kuna nini?"

"Uliniuliza swali mlangoni."

Kisha akasikia hatua, akasikia kitu cha chuma kinavutwa chini, na ngurumo ikashuka, ikashuka, ikakata kabisa. Alikuwa ameizima. Mji mzima kule ulikuwa unangoja maji, naye ameizima.

"Nakusikia," akasema.

Kwenye ngazi juu mtu alipita na ndoo, akamwambia samahani dada, Cherehani akajibanza kumpisha. Mume hakumharakisha. Alingoja kama anavyongoja maji yajae kwenye bomba tupu.

"Sikufuati," Cherehani akasema. "Nikifaulu sikufuati, na nikifeli pia sikufuati, nitatafuta simu nyingine za kupokea hapa hapa mjini. Wewe nakupenda, wala usitafute tafsiri nyingine, na likizo nitakuja, na wewe utakuja, tutachoka na safari mpaka tuzoee. Lakini kuja kukaa, mume wangu, kwenye nyumba ambayo kazi yangu ni kukungoja wewe urudi, siji. Na hilo nalisema mimi."